Shangazi, safari za biashara zinatuchosha na ndoa inayumba

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, mume wangu 34. Tuko kwenye ndoa mwaka wa nne, bado hatujajaliwa mtoto. Mwaka jana tuliachia chumba chetu cha Tabata tukaanza kuzunguka na nguo: tunafunga mzigo Kariakoo, tunauza Iringa, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma. Tunalala gesti za elfu 15. Wateja wapo, ila mtaji unapungua na hatujui unakwenda wapi. Tunagombana kila siku, hata kwa maji ya kuoga. Anasema nina kisirani. Nirudi kwa mama Dar, nimwache azunguke mwenyewe?*

Marahaba mwanangu. Usirudi kwa mama kwanza.

Katika barua yako sioni mume mbaya wala mke mwenye kisirani. Naona watu wawili wasio na mlango wao. Mngekuwa Tabata, mkikwaruzana mmoja angetoka akae kibarazani au kwa jirani mpaka hasira ipoe. Gesti haina kibaraza. Kuna kitanda, mifuko ya shangazi kaja imepangwa mpaka dirishani, na alfajiri basi linawasubiri. Ugomvi wa maji ya kuoga unatoka hapo.

Kwa hiyo tafuteni kituo. Kwa njia yenu ningechagua Makambako: Iringa iko nyuma yenu, Mbeya mbele, na barabara ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo. Juni na Julai ni baridi kali, na muuza masweta hailalamikii. Piga hesabu: usiku 30 wa gesti ni 450,000. Mkipata chumba cha elfu 50 kwa mwezi, mkalala kwenu usiku 20 na gesti usiku 10, mtatumia 200,000. Hapo mmeokoa 250,000, na bado sijagusa chakula. Mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili vitapunguza sana hela ya mama ntilie. Angalieni mambo mawili. Mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Msiichote kwenye hela ya mzigo, ikusanyeni kwanza. Na chumba kisiwe mbali na stendi, maana nafuu yote itaishia kwenye bajaji za kubebea mifuko.

Sasa mtaji. Naamini hakuna anayeiba kati yenu. Mtaji wenu unaliwa na chai, nauli na ushuru wa soko, kwa sababu hela yote inakaa mfuko mmoja. Tuseme mmenunua mzigo wa 600,000 mkauza 900,000. Mnaona laki 3 za faida, mnakula kwa raha. Lakini nauli, gesti, ushuru na chakula vimeshachukua laki 2 na nusu, na siku mbili mzigo haukutoka mkaendelea kula. Mkifika Kariakoo mna 540,000, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kinachowaumiza ni hilo jicho kuliko zile elfu 60.

Nunueni daftari. Kila jioni ya soko, mkishakula, andikeni mauzo upande mmoja na matumizi upande wa pili, hata maji ya mia tano. Hela ya kununulia mzigo iwekwe kwenye laini ya simu isiyotumika kwa kitu kingine. Matumizi ya safari yatengwe yake. Faida inayobaki, nusu iwe akiba yenu, nusu mgawane sawa, na fungu la mtu lisiulizwe limekwenda wapi. Mwanamke anayeomba hela ya pedi kwa mumewe mbele ya wateja lazima atakuwa na kisirani.

Halafu mpeane nafasi. Kwenda Kariakoo hakuhitaji watu wawili. Mwezi huu ashuke yeye, mwezi ujao wewe, mwenzake abaki anauza. Mnaokoa nauli ya mtu mmoja, na siku mbili tatu za kutoonana zinafanya kazi ambayo kusuluhishwa na wazee hakuifanyi. Safari yako ukae kwa mama, uonane na wenzako wa kikoba. Na siku ya kushuka kwenye basi msipige hesabu kabisa. Kuleni, mlale, hesabu kesho asubuhi.

Suala la mtoto umeliandika kwa mstari mmoja, lakini nadhani ndilo zito kuliko yote. Ikipita mwaka mzima mnakutana mara kwa mara bila kinga na mimba haijaingia, inatosha kwenda hospitali, na mnakwenda wote wawili. Mwanaume hupimwa mbegu akiwa amejizuia siku 2 hadi 7. Kwako, baadhi ya vipimo vya homoni huchukuliwa siku za mwanzo za hedhi. Vipimo vya namna hii vina tarehe zake, na mtu anayeamka kila wiki mji mwingine huzikosa, kisha huishia kunywa mizizi ya kuuziwa stendi. Andika tarehe zako za hedhi miezi mitatu mfululizo, kisha safari moja ya Dar mje pamoja kwa ajili ya hilo tu, mzigo usubiri. Ndugu wa mume wakiuliza, yeye ndiye awajibu. Hilo mwambie.

Hukuandika kama anakupiga. Kama yapo, haya yote hayakuhusu: panda basi uje kwa mama yako.

Kama hayapo, msingoje mpaka mpate chumba ndipo muanze. Hesabuni mzigo mlionao leo, nguo moja moja, kabla hamjafunga mifuko, na idadi hiyo iwe mstari wa kwanza kwenye daftari.