Nyuzi kushuka kwenye harusi za ufukweni

Dada, umeuliza kwa nini kwarteti yenu, yaani fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo na chelo ya sauti nzito, huharibika sauti kila mkipiga harusi za ufukwe wa Nyali, Mombasa. Shida ni kutoka chumba chenye eisi na kuingia moja kwa moja kwenye joto: nyuzi hulegea, mbao nazo huvimba kwa unyevu.

Fikeni mapema, mfungue mikoba ya ala kivulini nusu saa, ndipo mlinganishe nyuzi kwa noti ya A ya chelo. Hapa wengi hukosea: kila mmoja akiacha nafasi za tano (umbali wa noti tano kati ya uzi na uzi) safi kabisa, C ya chelo na ya viola itakuwa chini mno, igombane na E ya fidla. Nafasi hizo zibaneni kidogo sana, hasa kwenye nyuzi za G na C.

Kigingi cha kukazia uzi kikikwama msikilazimishe, kichwa cha ala kinaweza kupasuka. Na kwenye gari lililofungwa juani msiache ala kamwe. Gundi ya ngozi hulainika, viungo vikaachana. Upinde ulegezeni mkimaliza.

Kivuli kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na saa ya kufika. Bwana harusi akitaka mkae juani, kataeni. Malipo ya siku moja hayatengenezi chelo iliyopasuka.