Shairi la mtoto linaanzia kwenye makofi

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili hapa Tanga miaka 11, na kwa muda wote huo kila ikikaribia mahafali naitwa ofisini naambiwa ticha tuandalie ngonjera, mgeni rasmi anakuja. Naandika. Mizani 16, yaani silabi 16, kila mshororo, nane huku nane kule, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa, kila kitu kiko kwenye mstari. Nilikuwa naanza na kitu kama "Elimu ni kitu bora, tena nguzo ya taifa", na wazazi wanapiga makofi.

Sasa mwaka mmoja kuna kijana wa darasa la pili nilimpa beti tatu. Tulifanya mazoezi wiki mbili nzima. Siku yenyewe akasimama mbele, ubeti wa kwanza akaumaliza, wa pili ukamkwama kwenye "maendeleo endelevu", akarudia mara mbili, akanyamaza, machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu wote wale. Niliumia sana maana kosa lilikuwa langu, mtoto wa miaka 8 nimempa maneno ambayo hajawahi kuyatumia hata siku moja akiwa anaongea na mama yake. Na jioni ile ile, watu washaondoka, nikamkuta nyuma ya madarasa anacheza mchezo wa viganja na wenzake, ule wa kuimba huku mnapigana makofi, na anaimba maneno mengi kuliko zile beti zangu tatu, haraka, bila kukosea hata neno moja. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka wakamaliza.

Toka siku hiyo nikaanza kuandika kwa njia nyingine na ndo nataka niwaambie walimu wenzangu na wazazi mnaopenda kutungia watoto.

Kwanza kalamu iweke pembeni. Mimi sasa hivi natunga kwa mdomo na mikono, natembea nyumbani napiga makofi nasema mstari, nikijikwaa naubadilisha, na siandiki mpaka mstari uwe umekaa mdomoni wenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza pumzi yake ni fupi, mizani 16 anakata katikati ya neno, kwa hiyo mimi natumia 8. Na kama hujui kuhesabu mizani usiogope, waulize watoto wakupigie makofi. Sema "mtoto", watapiga matatu, m-to-to. Sema "ndizi", watapiga mawili. Hawajafundishwa na mtu, wanasikia tu, na nimeshaona watu wazima wanabishana kwenye karatasi kuhusu silabi ambayo mtoto anaimaliza kwa viganja vyake.

Ila kuna kitu kingine ambacho mimi nilichelewa kukijua, kwamba mizani peke yake haitoshi. Kiswahili neno linabanwa, yaani linatiwa mkazo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, si ndio, sasa mstari wenye maneno mawili marefu na mstari wenye maneno manne mafupi yote yanaweza kuwa na mizani 8 lakini mdundo ni tofauti kabisa. Ukichanganya ovyo ovyo mtoto anajikwaa na hajui kwa nini. Ngoja niwape langu moja mlione:

Baiskeli ya babu
Ina kengele ya tabu
Uiguse taratibu
Mbuzi huyo, mbio mbio!

Kapakia na mchele
Machungwa yako kwa mbele
Nani kagusa kengele?
Mbuzi huyo, mbio mbio!

Sema kwa sauti huku unapiga makofi. "Uiguse taratibu" ina mibano miwili tu, inakwenda polepole kama mtu ananyata. Halafu kituo, ule mstari wa mwisho unaojirudia, kinakuja na minne, sikiliza vizuri, MBU-zi HU-yo MBI-o MBI-o, na hapo mdundo wenyewe unakimbia. Watoto wakifika hapo wanapiga kelele na wengine wanainuka kwenye madawati, na mimi nawaacha wainuke.

Na huyo mbuzi mwanzo alikuwa kuku. Niliandika kuku, nikawasomea, binti mmoja akanyoosha mkono akaniambia ticha kuku wa kwetu haogopi baiskeli, analala hapo hapo njiani mpaka umpigie mguu chini, anayekimbia ni mbuzi. Kweli bwana, na Tanga hii baiskeli tunazo za kutosha, kila mtu ameshaona. Nikabadilisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nakushauri shairi lako la mtoto usilifunge kabla halijapita kwa watoto watatu wanne, wasikilize wanacheka wapi, wanauliza nini, macho yanaanza kwenda dirishani kwenye mstari gani. Huo mstari ukate. Usijitetee, usianze kuwaeleza ulikuwa na maana gani, kata tu.

Halafu tumieni tanakali za sauti jamani. Hii ni mali tuliyonayo bure na tunaiacha kwenye kitabu cha sarufi iwe swali la mtihani. Embe limeanguka pu, jiwe limetumbukia chubwi, giza totoro, kimya jii, nyeupe pee, nyeusi tii. Mtoto akisikia "chubwi" ameshaliona lile jiwe na maji yamemrukia. Mimi nikiwa nimekwama kabisa naanza na sauti, najiuliza kitu gani nyumbani kinalia, sufuria, mlango, bomba linalovuja usiku, na shairi linatokea humo.

Kuhusu vina nina maoni yangu. Kiswahili kinatudanganya, vina ni rahisi mno, ukimalizia kila mstari na kitenzi tayari umepata, anapenda, anakwenda, anatenda, na shairi linakuwa halina kitu cha kushika. Mimi najitahidi mwisho wa mstari uwe kitu, mchele, kengele, babu. Mtoto anakumbuka vitu.

Na mahubiri. Najua hapa wengine hatutaelewana, maana tumezoea shairi la mtoto lazima limwambie apige mswaki, aheshimu wakubwa, asome kwa bidii. Mimi simkatazi mtu kuwafundisha watoto adabu, mimi mwenyewe nawafundisha kutwa, lakini mtoto anaambiwa fanya hivi acha vile toka asubuhi anaamka mpaka analala, nyumbani, shuleni, madrasa, na shairi nalo likija na fimbo atalikariri kwa sababu ya kuogopa na likishapita tamasha analitupa. Hata ngonjera yenyewe, mshairi Mathias Mnyampala alipoikuza miaka ya 1960 ilikuwa majibizano, mmoja anabisha mwingine anajibu, wanavutana mpaka mwisho wanakubaliana. Ule mvutano ndo utamu wake! Sisi tumeubakiza ujumbe tu, watoto sita wamejipanga mstari wanaimba kitu kimoja kuelekea kwa mgeni rasmi. Warudishieni ubishi. Siku hizi nikiambiwa niandike ya mahafali nawapa wawili wabishane, mmoja anataka kwenda shule kwa baiskeli mwingine anasema kwa miguu, na hakuna aliyenikatalia mpaka leo.

Kwenye kushirikishana, karatasi iwe ya mwisho. Mimi naanza na sauti, nasema mistari mitatu wao wanasema kituo, na hilo halihitaji kufundishwa maana wameshazoea nyumbani, ukisema kitendawili wanajibu tega. Siku ya tatu ya nne wanakuwa wanajua lote, hapo ndo nawaandikia kwenye manila naibandika ukutani, na unaona mtoto ambaye kusoma kunamsumbua anapita kidole kwenye maneno anasoma, kwa sababu mdomo wake umeshatangulia unamwonyesha njia. Hili peke yake lingetosha kunifanya niendelee.

Kwa wazazi natuma sauti kwenye grupu la WhatsApp la darasa, isizidi dakika moja, wanawawekea watoto asubuhi wakati wa kuvaa. Video za watoto situmi, na sauti ya mtoto wa mtu sirekodi bila kumuuliza mzazi wake kwanza, hilo naomba mlizingatie. Na ukitaka kitabu usisubiri mchapishaji, chukua karatasi ya A4 ikunje katikati unapata kurasa nne, andika ubeti mmoja kila ukurasa na uache nafasi mtoto achore, peleka steshenari watoe kopi, piga stepla. Watoto wangu wanavyo, vingine vimechakaa mpaka kava limetoka.

Ya mwisho, acheni pengo. Niliwaandikia ubaoni "Baiskeli ya ..." nikawaachia. Walikuja na za kila aina, nyingi hazikuwa na mizani na sikusema kitu. Ila yule kijana wangu, yule wa mahafali, alikaa kimya kipindi kizima anagonga dawati kwa vidole, kengele ilipolia akaniletea daftari:

Baiskeli ya mama
Breki zake zimegoma
Mbele yetu kuna ngoma
Mama huyo, mbio mbio!

Nilihesabu, nane nane nane nane. Nikamuuliza nilibandike ukutani? Akasema ndio ticha, lakini andika jina langu kubwa. Nikaliandika kwa maka peni nyekundu.