Wali mtamu, samaki mtamu, chai tamu

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Dunga, Kisumu. Nina hoteli ndogo na nafundisha vijana upishi, lakini vitabu vyote ni vya Kiingereza. Wenzetu wana neno la kila namna chakula kinavyokuwa kinywani. Sisi kila kitu “tamu”. Kiswahili ni maskini hivyo?

JIBU: Unatafuta vivumishi, na vivumishi vyetu ni haba tangu asili. Sifa za chakula tumeziweka kwenye vitenzi, hasa vyenye -me-, maana mpishi hutaka kujua kimetokea nini jikoni. Wali ambao punje zake zimeachana umechambuka. Maji yakizidi unakuwa bokoboko, yakizidi zaidi ni mashendea. Chumvi ikitosha imekolea. Isipokuwepo, chakula ni chapwa. Omena waliokaangwa vizuri wamekauka kau, na wakiachwa wazi jioni ya mvua hulegea. Nyama nayo huwa laini teketeke.

Kwenye kuharibika ndiko tulikojaliwa hasa. Maharagwe huchacha, samaki huvunda, embe huoza, na chapati ya jana imelala. Mwanafunzi anayeandika “imeharibika” kwa vyote hivyo mpunguzie alama.

Uchungu nao usiurundike na kila kinachokunja uso. Managu ni chungu, ndiyo maana kina mama wa huko kwenu huyalaza kwenye maziwa. Limau ni kali. Ndizi mbichi ikikukamata ulimi, huo ni ukakasi, neno ambalo sisi wa bara tumeliacha Pwani bila sababu. Na “mbichi” yenyewe itazame vizuri: embe bichi halijaiva, nyama mbichi haijapikwa, lakini samaki mbichi pale ufuoni ni sifa, maana yake ametoka ziwani sasa hivi.

Kuna ladha moja ambayo sina neno letu la kukupa: ile nzito ya supu ya samaki na nyanya zilizoiva. Waingereza pia hawakuwa nalo. Mkemia Kikunae Ikeda aliiita umami kule Japani mwaka 1908, alipokuwa akichunguza mchuzi wa mwani, nao wakaliazima jinsi lilivyo. Tuliazime vilevile, kwanza linaishia kwa irabu, halimsumbui mtu.

“Tamu” usiifukuze. Inabeba sukari na inabeba raha ya kula, na msikilizaji hujua ipi ni ipi: hakuna aliyewahi kudhani samaki mtamu ametiwa sukari. Ila kwenye orodha ya vyakula haiuzi kitu, kwa kuwa kila hoteli imeiandika. Andika “ngege wa kukaanga, mchuzi uliokolea nyanya”. Mrenda uandike mrenda tu. Ukianza kueleza unavyovutika, mgeni wa Nairobi ataagiza sukuma.