Maswali ya Wasomaji: Intaneti Moja, Kompyuta Nne

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina steshenari hapa Masasi, kompyuta nne zenye Windows 10 zimeungwa kwa waya kwenye swichi ya matundu 8. Ya kaunta inapata intaneti kutoka kwenye simu kwa waya wa USB, nami nikaigawa kwa zile tatu. Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika. Sasa zile tatu hazipati kitu, ingawa taa za swichi zinawaka. Fundi anasema swichi imekufa. Ninunue nyingine?

JIBU: Salama ndugu yetu. Usinunue bado. Taa ya tundu ikiwaka, kwa kawaida waya na swichi ni vizima. Hakikisha kwanza kompyuta ya kaunta yenyewe inafungua kurasa, maana simu ikichomolewa au kuzimwa, mara nyingi inabidi uwashe upya kugawa intaneti kwa USB.

Kisha kaa kwenye mojawapo ya zile tatu. Bonyeza Windows na R, andika cmd, halafu ipconfig, usome mstari wa IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Namba ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Ikianza na 192.168.137, anwani imepatikana na hitilafu iko mbele zaidi: andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi lakini kurasa hazifunguki, kinachokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba; kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta hiyo, iandike DNS 8.8.8.8 kwa mkono.

Kwa ulivyoeleza, tunatarajia utaikuta 169.254. Windows 10 ikizimwa na kuwashwa, tiki ya kugawa inaweza kubaki mahali pake huku ugawaji wenyewe umelala. Kwenye kompyuta ya kaunta bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl. Kila alama utakayoiona ni kadi ya mtandao, yaani njia moja ya muunganisho. Bofya kulia kadi ya simu, Properties, kisha Sharing. Ondoa tiki, OK, rudi uiweke tena, na kwenye orodha iliyo chini yake chagua kadi ya swichi. Wengi hukosea hapa kwa kuweka tiki kwenye kadi ya swichi. Tiki inakaa pale intaneti inapoingilia. Ukipatia, kadi ya swichi itakuwa na 192.168.137.1, zile nyingine ziandikie ipconfig /renew. Simu nayo ichomeke tundu lile lile la USB kila siku, kwani Windows inaweza kuiona kama kadi mpya na tiki ikabaki kwenye ya zamani.

Ili isirudie, fungua services.msc, uweke Internet Connection Sharing (ICS) kuwa Automatic. Halafu kwenye regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza DWORD (kipengele cha kuwekea namba) iitwayo EnableRebootPersistConnection, thamani 1.

Bando nalo lilinde: kila kompyuta iwekee Metered connection, mpangilio wa kuiambia Windows kwamba intaneti ni ya kipimo, la sivyo masasisho ya Windows yatalimaliza kabla wateja hawajafika. Ukipata uwezo, nunua ruta ndogo yenye tundu la laini, kaunta isibebe mzigo wa duka zima. Siku utakayoiunga, zima ugawaji wa kaunta, kwa sababu ruta nayo hugawa anwani, na wagawa anwani wawili kwenye swichi moja watakuvuruga.

SWALI: Nimevuta kebo kama mita 60 kutoka ofisini hadi stoo, Lindi mjini. Intaneti inakatika-katika. Katikati tumeunga kwa kusokota na kuzungushia tepu.

JIBU: Umbali si tatizo, kikomo ni mita 100. Tatizo ni kiungo: nyuzi zilizosokotwa huharibu mawimbi, na upepo wa bahari hula shaba iliyo wazi. Vuta kebo nzima ya mtandao ya daraja la Cat5e, ya nje, ya shaba tupu, siyo alumini iliyopakwa shaba. Ncha zote mbili zipange hivi, kibanio kikitazama chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukiona mawingu ya radi, chomoa ncha zote mbili. Radi ikipiga karibu, kebo ya angani huipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta.