Ukistaafu Ughaibuni, Usikae Ndani Ukisubiri Simu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kutoka Minnesota: "Shikamoo mama. Nastaafu mwakani. Watoto wameshaondoka, na nyumba ya Bongo bado iko kwenye lenta. Naogopa nitabaki kuangalia ukuta. Wewe mwenzetu kila siku naona picha uko porini, unafanyaje?"

Marahaba mwanangu. Umenigusa penyewe, kwa hiyo kaa kitako.

Mimi nimelea wazee wa watu hapa Maryland miaka mingi. Shifti za usiku, ovataimu za sikukuu, kuwageuza wasipate vidonda vya mgongo, kuwalisha, kuitika majina ya mabinti zao waliokwishawasahau. Siku ya mwisho nikaletewa keki ya dukani, jina langu limekosewa, na kabla sijamaliza kipande changu msimamizi akauliza kama nimerudisha kitambulisho cha mlangoni. Basi. Mahali sipataji. Ila mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia, ni televisheni na chai. Kisha daktari akasema sukari inapanda, nitembee. Nikazunguka mtaani mpaka nikachoka kuhesabu magari ya watu. Jirani yangu, mama wa Kimarekani mweusi, mtu wa kanisa, akanionea huruma, akanipakia garini tukavuka daraja la Chesapeake hadi kaunti ya Dorchester. Huko ndiko alikozaliwa Harriet Tubman, yule mama aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, kisha akarudi kuwatoa wenzake utumwani.

Jina nilikuwa nalo. Wajukuu kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi hapa, wanarudi kutoka shule na picha yake waliyoipaka rangi. Lakini hifadhi ya Blackwater ni kitu kingine: maji, matete na misonobari mpaka macho yachoke, mabata bukini wanatua kwa makelele, tai wenye vichwa vyeupe wamekaa juu ya miti iliyokufa. Ilikuwa majira ya baridi na upepo ulikuwa unapenya koti. Jirani akaniambia kwamba Harriet, akiwa na miaka sita au saba, alikodishwa kwa mtu, akawa anatumwa kuingia kwenye maji kama yale kukagua mitego ya panya wa majini, huku anaumwa surua. Surua jamani! Kwetu Tanga mtoto wa surua hata upepo wa dirishani tulikuwa hatumruhusu.

Mbele kidogo, Bucktown, kuna duka dogo la mbao njia panda. Hapo msimamizi alirusha jiwe la mizani la ratili mbili akimlenga mtumwa aliyekuwa anakimbia, likampata Harriet kichwani. Tangu siku hiyo mpaka anakufa alikuwa anashikwa na usingizi ghafla, hata katikati ya mazungumzo. Na ni mtu huyo huyo aliyetoroka mwaka 1849. Tangazo la kumtafuta lipo: Minty (ndilo jina lake la utotoni), umri wa miaka 27 hivi, rangi ya kahawia, mwenye sura nzuri, urefu wa futi tano. Dola 100 akikamatwa nje ya jimbo, 50 akikamatwa ndani. Futi tano! Mimi namzidi.

Alirudi Maryland mara 13 hivi, akawatoa utumwani watu wapatao 70. Alipenda kusafiri wakati wa baridi kwa sababu usiku ni mrefu, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku nzuri ya kuondoka, maana tangazo lisingeweza kutoka gazetini kabla ya Jumatatu. Kusoma hajui, ila ratiba ya magazeti anaijua.

Sasa sikiliza sehemu ya wastaafu. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa, Harriet aliuguza askari, akapika, akapeleleza, na Juni 1863 aliongoza msafara wa mto Combahee, South Carolina, uliowakomboa watu zaidi ya 700. Pensheni je? Alisumbuka miaka na miaka. Mwaka 1895 alipewa dola 8 kwa mwezi, tena kama mjane wa askari, si kwa kazi yake mwenyewe. Zikafika 20 mwaka 1899, ameshakuwa bibi kizee. Na bibi huyo asiye na kitu akaingia mnadani mwaka 1896 akanunua ekari 25 huko Auburn, New York, kwa ajili ya nyumba ya wazee weusi. Ikafunguliwa 1908. Yeye mwenyewe alihamia humo 1911 na ndimo alimofia, Machi 10, 1913.

Nyumba ya wazee! Kazi ile ile ambayo watu wetu wakiisikia wanacheka, eti unabeba boksi. Nilikaa kwenye benchi nikalia, na sioni haya kusema, machozi yale yalikuwa ya keki pia.

Ndiyo maana nakasirika kwenye makundi ya WhatsApp nikisoma Wabongo wakiandika "hawa weusi wa hapa wavivu". Wavivu? Sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta mgawo uliokuwa unawapendelea watu wa Ulaya, ilipita mwaka mmoja tu baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Weusi hao hao walioandamana kudai haki, wakapigwa na kung'atwa na mbwa wa polisi, ndio waliotufungulia mlango. Ukiwadharau unamdharau aliyekupokea mizigo. Acheni.

Haya, ushauri. Toka nje kila siku, hata robo saa. Tembea na mwenzako, na asiwe Mtanzania peke yake, maana mkikutana wawili mtazungumza michango ya msiba mpaka mrudi. Kabla ya kwenda mahali, soma habari za waliopita hapo, ili miguu na akili zitembee pamoja. Suruali ichomeke ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti, kupe wa huku wana maradhi mabaya. Blackwater usiende Julai, mbu watakubeba. Nyumba ya Bongo itaisha siku itakayoisha. Na toka nje, nimeshasema.

Watoto wakipiga simu wasikukute, ni sawa tu. Watapiga tena.

Mwezi Mei, Mungu akipenda, tunakwenda Auburn, mwendo wa saa sita hivi kwa gari. Jirani anaendesha, mimi nabeba chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Nafasi ni mbili. Anayetaka aseme mapema, na mafuta tunachangia.