Maswali na majibu: Joto gani linamfaa mtoto anayelia tumbo?

Mwanangu ana wiki 5. Kila magharibi anaanza kulia, anakunja miguu tumboni, hanyamazi mpaka saa nne usiku. Jirani anasema nimwekee chupa ya maji ya moto tumboni. (Mama, Masasi)

Usiiweke, dada. Ngozi ya mtoto wa umri huo ni nyembamba, na joto unaloliona wewe la kawaida linaweza kumbabua. Kifuniko kikilegea ndiyo balaa kabisa. Kilio hicho kwa kawaida huanza wiki ya 2 au ya 3, huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua mtoto akifika miezi 3 au 4. Joto halikitibu, ila linamtuliza mtoto, na joto salama kuliko yote unalo mwilini mwako. Mvue abaki na nepi, mlaze tumbo kwa tumbo kwenye kifua chako kitupu, mfunike mgongo kwa kanga, kisha tembea naye polepole. Ukitaka kitambaa, kunja kanga kavu mara nne, iweke juu ya kifuniko cha sufuria yenye maji ya uvuguvugu, halafu ishikilie ndani ya kiwiko chako kwa muda. Ikikuchoma hata kidogo, subiri ipoe. Iweke juu ya nguo yake huku mkono wako ukiwa juu ya kanga. Ukitoa mkono, na kanga itoke. Kanga iliyotoka kwenye pasi ya mkaa usiitumie, maana mikunjo yake huficha moto. Na kama kitovu hakijakauka, usikiguse.

Nimpe maji ya uvuguvugu na sukari kidogo? (Lindi mjini)

Hapana. Swali hili linaletwa kila mara, na jibu halibadiliki: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Asali ndiyo kabisa, mpaka atimize mwaka.

Huku kwetu mwezi wa saba baridi ni kali. Tunaingiza jiko la mkaa chumbani mtoto apate joto, tumbo lisimsokote. Tunafunga dirisha ili joto lisitoke. (Baba, Newala)

Kaka, litoe leo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Baridi ya huko juu naijua, lakini dawa yake ni nguo: fulana, sweta, soksi, na mtoto kukaa kifuani kwa mmoja wenu aliye macho. Wazee mnaosoma hapa, msiwaachie vijana jambo hili wakajifunza kwa msiba. Na walio Kilwa na Lindi, mtoto hahitaji kofia na mablanketi wakati wa joto la Desemba. Wengine wanalia kwa sababu wameiva.

Zamani mzazi alikandwa kwa maji ya moto, na mtoto naye tulimkanda tumbo. Siku hizi mnatukataza kila kitu. (Bibi, Mikindani)

Shikamoo bibi. Mkono wako hatuukatai, tunakataa maji ya moto. Maji anayoyavumilia mtu mzima yanamuunguza mtoto. Chukua mafuta ya nazi kidogo, yasugue kati ya viganja mpaka viganja vipate joto, usiyaweke jikoni. Mpapase tumbo kwa mzunguko, kufuata mishale ya saa, bila kukandamiza, kisha mkunje magoti taratibu kuelekea tumboni. Usifanye hivyo akiwa ametoka kunyonya. Hapo mweke begani acheue kwanza. Akikaza tumbo na kupiga kelele zaidi, acha.

Dawa ya kuchua ya wakubwa, ile inayopoza halafu inawaka? (Nachingwea)

Usimpake kabisa, hata unyayoni. Mentholi na kafuri zinaweza kumziba pumzi.

Mke wangu amechoka, na mimi kilio hiki kinanipandisha hasira. Nifanyeje? (Baba, Tandahimba)

Umefanya vizuri kusema. Kifua chako kina joto sawa na la mama yake: vua shati, mbebe, mwache mwenzako alale. Ila usingizi ukikushika, mlaze mtoto chali kitandani kwake. Hasira ikipanda, mlaze hapo hapo salama, toka nje uvute pumzi. Usimtikise hata mara moja, ubongo wake unaweza kuvuja damu.

Wangu ana miezi 5, hakuwahi kusumbua. Tangu jana analia kwa vipindi, katikati analegea, na ametapika maji ya kijani. Nimkande wapi? (Mama, Ruangwa)

Usimkande popote. Kilio cha tumbo la wachanga hakianzi umri huo, na matapishi ya kijani ni dalili kwamba utumbo unaweza kuwa umeziba au umeingiliana. Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri kupambazuke. Yeyote mwenye mtoto anayetoa kinyesi chenye damu, aliyevimba tumbo likawa gumu, anayekataa ziwa, au aliye chini ya miezi 3 na homa ya nyuzi 38, naye aondoke nyumbani sasa hivi.