Saa janja inayokatika ukiwasha kompyuta

Ndugu yangu, umesema saa yako hushikana na simu vizuri ukiwa njiani, ila ukikaa mezani na kuwasha kompyuta mpakato inakatika, tena ujumbe unafika umechelewa. Pole sana, najua inavyochosha.

Anza na kompyuta. Je, umewahi kuioanisha na saa? Saa nyingi hushika kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kompyuta ikiwahi, simu inabaki nje. Ifute saa kwenye orodha ya Bluetooth ya kompyuta.

Kama haimo, tazama kilichochomekwa ubavuni. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na vifaa vya USB 3, kama diski ya nje, huweza kutoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo. Watu wengi hawalijui hili, wanaishia kuilaumu saa. Chomoa diski ujaribu tena. Ikitulia, tumia waya mrefu kidogo uisogeze mbali. Wi-Fi nayo huweza kutumia masafa hayo ya gigahezi 2.4, kwa hiyo ikiwa ruta yako inakubali, ihamishie gigahezi 5.

Ujumbe kuchelewa huenda ni jambo jingine kabisa. Simu nyingi za Android huzima programu zinazoendelea kwa nyuma ili kuokoa chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya saa ifanye kazi bila kizuizi.

Tafadhali usikimbilie kuirudisha saa kwenye hali ya kiwandani: hesabu za hatua na usingizi ambazo hazijahamia kwenye simu zitafutika.